Kabla Hujanunua, Fanya Sachi

Ukikaa Kitengela hata mwezi mmoja tu, utalijua neno sachi. Litatajwa na mama mboga, dereva wa mathree, pasta, hata kijana wa kutengeneza simu. Mtu akikuonyesha ploti nzuri, bei nafuu, karibu na lami, stima iko nguzo ya pili, swali la kwanza ni moja: umefanya sachi? Yaani umeenda ofisi ya ardhi ukauliza hiyo namba ya shamba imeandikwa jina la nani, lilikuwa la nani kabla yake, na kama kuna benki au mahakama iliyoweka mkono. Ukiruka hatua hiyo, utajenga nyumba ya vyumba vitatu halafu siku moja upate mtu ameegesha Prado nje ya geti, na bahasha mkononi.

Baba yangu hakufanya sachi. Alinunua ploti yetu hapa Entarara mwaka wa 2000 kutoka kwa kampuni moja ya kuuza viwanja ambayo sitaitaja. Alipewa risiti, barua yenye muhuri mkubwa, na nambari ya kupigia simu. Wakati huo huku kulikuwa nyasi na migunga tu, na usiku ungesikia fisi. Alifanya kazi kiwanda cha saruji kule Athi River na alikuwa na haraka ya kutoka nyumba ya kupanga. Alijenga mabati, akachimba choo, akapanda michongoma kuzunguka, na kitu cha nne alichofanya, kabla hata ya tangi la maji, ni kununua TV.

Ilikuwa Greatwall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari. Betri ilipelekwa mjini kuchajiwa kila wiki kwa baiskeli. Antena ilifungwa juu ya mti mrefu uliochimbiwa nyuma ya nyumba, na kazi yangu ilikuwa kuuzungusha mpaka baba apige kelele kutoka ndani, "Hapo hapo! Wacha!" Nikirudi ndani ningekuta picha imetulia kidogo, na punje nyeupe kama mchele zikianguka juu ya uso wa msomaji habari. Kwenye kona ya skrini, herufi tatu: KTN.

Kulikuwa na KBC pia, na ilishika vizuri kuliko zote. Lakini baba hakuitaka saa ya habari. "Hiyo ni ya serikali," alisema. "Hii ni ya watu." Kwa miaka mingi niliamini hivyo. KBC yao, KTN yetu.

Makala haya ni sachi niliyoifanya nikiwa nimechelewa, kama ile ya ploti.

*

Tuanze na KBC, maana huwezi kuelewa jirani bila kujua mpaka.

Runinga ilianza Kenya mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, chini ya shirika lililoitwa Kenya Broadcasting Corporation. Mitambo ya kwanza ya kurusha picha iliwekwa Limuru. Shika hilo jina, tutalirudia. Mwaka wa 1964 serikali mpya ya Jomo Kenyatta ililivunja shirika hilo, ikalichukua moja kwa moja, na kulipa jina jipya: Voice of Kenya, Sauti ya Kenya. Wazee wetu bado wanaiita VOK. Likawa idara chini ya wizara, na wasomaji habari wakawa watumishi wa umma kama karani wa posta. Halafu mwaka wa 1989, wakati wa Rais Moi, likapitishwa sheria, likawa shirika tena, na jina likarudi lile lile la mwanzo: KBC.

Kwa hiyo KBC, halafu VOK, halafu KBC. Jina limebadilishwa mara mbili, nembo zaidi ya hapo, lakini ukifungua kadi ya kijani kule kwa msajili, mwenye shamba tangu 1964 ni yule yule. Kuanzia hapo hadi 1990, ukiwasha TV popote nchini ungekuta chaneli moja, na habari ilianza na alichofanya Mtukufu Rais siku hiyo. Kama alipanda mti, habari ya kwanza ni mti.

KTN ina historia ya kinyume chake. Jina halijaguswa kwa zaidi ya miaka 30. Waliobadilika ni wenyewe.

*

Kenya Television Network ilikuja hewani Machi 1990. Fikiria ule mwezi. Februari, mwili wa waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, ulikuwa umepatikana umechomwa karibu na kilima cha Got Alila, na nchi nzima ilikuwa inanong'ona. Miezi minne mbele kulikuwa na Saba Saba. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na kusema unataka cha pili kungeweza kukupeleka pabaya. Katikati ya hayo yote, serikali ile ile ikaruhusu kituo cha runinga cha mtu binafsi. Kwa nini?

Mwanzilishi alikuwa mfanyabiashara Jared Kangwana, mtu aliyekuwa karibu na KANU, na kampuni aliyotumia iliitwa Baraza Limited. Hilo jina la Baraza halijawahi kuonekana kwenye skrini. Mtazamaji alipewa herufi tatu, lakini kwenye karatasi za leseni na za mahakama anayetajwa ni Baraza. Ndivyo ilivyo hata huku kwetu. Bango la barabarani linasema "Green Valley Gardens", lakini hati inasema Kajiado, Kaputiei-North, halafu namba ndefu. Anayenunua kwa bango hununua hewa.

Ukitaka kujua hewa ya wakati huo, angalia mradi mwingine uliokuwa karibu na huo. KANU ilikuwa na gazeti lake, Kenya Times, na ilikuwa imeshirikiana na Robert Maxwell, tajiri wa magazeti kutoka Uingereza. Mwaka wa 1989 ubia huo ulitangaza jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na sanamu kubwa ya Rais. Wangari Maathai akaandika barua kupinga. Bungeni alitukanwa, na shirika lake la Green Belt Movement likafukuzwa ofisini. Lakini kelele zake zilifika kwa waliotarajiwa kutoa mkopo, na pesa zikakauka. Maxwell mwenyewe alikufa baharini Novemba 1991, akianguka kutoka kwa meli yake ya kifahari, na ikabainika kwamba biashara zake zilikuwa zimejaa madeni na pesa za pensheni za wafanyakazi zimeliwa. Jumba halikujengwa. Leo bado unaweza kulala kwenye nyasi za Uhuru Park, na huo ni ushindi wa mwanamke mmoja na barua zake.

Ninachotaka uone ni kwamba wakubwa wa wakati huo hawakuwa wanaogopa vyombo vya habari vya kibinafsi. Walikuwa wanavijenga. Walichoogopa ni vyombo vya watu wasiowajua.

*

KTN ya kwanza ilikaa Nyayo House, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ghorofa za juu kabisa. Hapo ndipo nilipolazimika kusimama kusoma kwa muda.

Kwa sababu chini ya Nyayo House, kwenye besimenti, kulikuwa na vyumba vya mateso. Kuanzia miaka ya 1980, watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya walifungiwa mle, wakamwagiwa maji, wakanyimwa chakula na usingizi, wakapigwa. Umma ulifunguliwa kuviona mwaka wa 2003, baada ya KANU kutoka madarakani, na mahakama imewalipa fidia wengi wa walionusurika. Jengo ni moja. Juu antena ikirusha picha za CNN na nyimbo za MTV kwa vijana wa Nairobi, na chini kuna mtu amesimama kwenye maji gizani. Sisemi waliokuwa juu walijua ya chini. Nasema lifti ilikuwa inapita pale pale.

Na bado, kazi iliyofanyika juu ilikuwa kazi ya kweli. Ghafla Mkenya wa Nairobi angeweza kuona vita vya Ghuba mwaka wa 1991 vikiendelea, sio kusimuliwa. Habari haikuanza na mti wa Rais kila siku. Catherine Kasavuli, aliyekuwa ametoka VOK, akawa mwanamke wa kwanza kusoma habari moja kwa moja kwenye KTN, na watoto wa kike wengi wakaanza kuigiza sauti yake mbele ya kioo. Maisha yake ni ramani ya hadithi hii yote: VOK, KTN, baadaye Citizen, na mwishoni, mwaka wa 2021, akarudi KBC, mpaka alipofariki Desemba 2022. Baba alimwita "Madam". Hakumwita hivyo mwingine yeyote, hata mwalimu wangu mkuu.

Kangwana hakukaa sana. Kabla miaka ya 1990 haijaisha alikuwa amejikuta nje ya mlango wa kituo alichokianzisha, na kesi zikaanza, zile za miaka na mikaka ambazo mawakili huzeeka nazo. Ukisoma kesi za Baraza Limited unaona lugha ambayo mtu wa Kitengela anaijua vizuri sana: hisa ni za nani, nani alitia sahihi, nani aliingia kwa nguvu, nani ana karatasi ya kweli. Kwenye skrini, hata hivyo, hakuna kilichobadilika. Herufi ni zile zile tatu. Sisi watazamaji hatukuambiwa kwamba shamba limeuzwa tukiwa ndani.

*

Mwenye mpya alikuwa gazeti, na gazeti lenyewe lilikuwa na sachi ndefu kuliko zote.

The Standard ilianzishwa Mombasa mwaka wa 1902 na Mhindi mmoja, Alibhai Mulla Jeevanjee, yule yule mwenye Jeevanjee Gardens pale tao. Ikiitwa African Standard. Mwaka wa 1905 akawauzia Wazungu wawili, ikawa East African Standard, na mwaka wa 1910 ikahamia Nairobi, ikawa sauti ya walowezi. Jarida la Mhindi likawa gazeti la watu ambao hawakutaka hata Mhindi amiliki shamba kwenye nyanda za juu. Baadaye ikanunuliwa na Lonrho, kampuni ya Tiny Rowland kutoka London. Mwaka wa 1995 Lonrho ikauza, na walionunua walikuwa wawekezaji wa Kenya waliohusishwa na Rais Moi na watu wake wa karibu. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya 1990, kampuni hiyo ikaichukua Baraza Limited, na KTN ikaingia ndani ya boma moja na gazeti.

Kwa hiyo mwaka wa 2000, baba alipokuwa akinituma kuzungusha antena ili aepuke kituo cha serikali, kituo alichokitafuta kwenye ule mchele kilikuwa mikononi mwa watu wa karibu na mkuu wa serikali hiyo hiyo. Nilipoligundua hili nilicheka, halafu nikanyamaza. Alikuwa amefanya kosa lile lile mara mbili katika mwaka mmoja. Aliamini bango.

Lakini ngoja. Nikiishia hapo nitakuwa nimemkosea, na nitakuwa nimeikosea KTN.

*

Desemba 2002 KANU ikashindwa. Mwai Kibaki akaingia Ikulu, na Moi akaenda zake Kabarak. Wenye kituo, ambao jana walikuwa serikali, leo wakawa upinzani. Na waandishi waliokuwa wamefundishwa kutazama kando wakagundua kwamba sasa wanaweza kuangalia mbele. Uhuru wao ulikuja kwa mlango wa nyuma, kwa sababu bosi hakuwa na rafiki Ikulu. Lakini ulikuja.

Usiku wa kuamkia Machi 2, 2006, polisi waliofunika nyuso waliingia ofisi za KTN kwenye jengo la I&M mjini, na wengine wakaenda kiwanda cha uchapishaji cha Standard barabara ya Likoni. Walichoma moto magazeti ya siku hiyo na kubeba vifaa. KTN ikazimwa kwa saa nyingi. Siku chache kabla, gazeti lilikuwa limeandika kuhusu mkutano wa siri kati ya Rais Kibaki na Kalonzo Musyoka, na waandishi wakakamatwa. Waziri wa usalama, John Michuki, hakukana. Alisema, kwa maneno yaliyoshika vichwa vya watu mpaka leo, kwamba ukimchokoza nyoka ujitayarishe kuumwa.

Nilikuwa na miaka 12. Asubuhi ile baba aliwasha TV kabla ya kwenda kazini na kukuta mchele mtupu. Akanituma nje. Nikazungusha mti upande wa Ngong, nikazungusha upande wa Nairobi, nikazungusha mpaka mikono ikauma. "Wacha," akasema, akiwa amesimama mlangoni, redio ndogo sikioni. "Sio antena." Aliondoka bila kunywa chai. Jioni kituo kiliporudi tulikuwa watu kumi na moja ndani ya ile nyumba ya mabati, pamoja na yeyo wa boma la jirani aliyekuwa anatuletea maziwa, na ambaye hakujua Kiingereza lakini alikaa mpaka mwisho.

Baada ya hapo kikaja kizazi cha Jicho Pevu. Mohammed Ali akichimba maovu kwa Kiswahili, sauti nzito, muziki wa kutisha. Mimi na wenzangu shuleni tulijifunza neno "dhahama" kutoka kwake. Unaweza kusema mengi kuhusu mtindo wake, na kuhusu yeye kuingia siasa na kuwa mbunge wa Nyali mwaka wa 2017. Lakini watu wa Entarara ambao hawasomi ripoti za tume walielewa biashara ya dawa za kulevya na mauaji ya polisi kupitia kipindi kile. Kituo kilichoanzishwa chini ya kivuli cha KANU kilikuwa kinatufundisha kutoamini kivuli.

*

Kwa hiyo, je, mwenye shamba ana maana yoyote, kama mkulima anaweza kupanda anachotaka? Nimelifikiria sana hili swali, na jibu langu ni kwamba ana maana siku ya mvua kubwa. Siku za kawaida huoni mpaka.

Angalia mwaka wa 2015. Nchi ilikuwa inahama kutoka analogi kwenda dijitali, na swali lilikuwa nani atamiliki njia ya kupitisha picha. Zamani kila kituo kilikuwa na mlingoti wake. Sasa picha zingepitia kwa wasambazaji wachache wenye leseni: mmoja wa KBC, mwingine wa kampuni yenye asili ya China. Nation, Standard na Royal Media walidai leseni yao wenyewe, muda wa kuleta ving'amuzi, na haki ya kukataza kampuni za kulipia kurusha chaneli zao bila ruhusa. Walienda mpaka Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Septemba 2014. Februari 14, 2015, mitambo yao ya analogi ikazimwa, na NTV, Citizen na KTN hazikuwa hewani kwa takriban wiki tatu. Watu walikumbuka KBC ghafla.

Mtazamaji aliona ni ugomvi wa matajiri, na kwa kiasi fulani ulikuwa. Lakini ulikuwa pia ugomvi wa barabara ya kuingilia shamba. Huku kwetu unaweza kuwa na hati safi kabisa, na bado jirani akafunga njia, na ploti yako ikawa kisiwa. Mwaka huo huo kituo kikajigawa: KTN News ikaja kwa habari tupu, na chaneli mama ikawa KTN Home ya burudani na familia. Baadaye zikaongezeka KTN Burudani na KTN Farmers. Herufi tatu zikawa jina la ukoo.

Halafu Januari 30, 2018. Raila Odinga alikuwa anajiapisha kuwa rais wa wananchi pale Uhuru Park, kwenye nyasi zile zile ambazo Wangari aliziokoa. Serikali ilikuwa imeonya vituo visionyeshe moja kwa moja. Vilionyesha. Maafisa wa mamlaka ya mawasiliano, wakiwa na polisi, walienda kuzima mitambo Limuru. Limuru, pale pale ilipoanzia mwaka wa 1962. KTN, NTV, Citizen na Inooro zikazimika. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe Februari 1, na amri hiyo haikutiiwa kwa siku kadhaa. KTN na NTV zilirudi Februari 5, na zile mbili nyingine baadaye.

Baba hakuiona ile ya 2018. Alifariki 2017, mapafu. Miaka ya vumbi la saruji, daktari alisema, ingawa hakuandika hivyo.

*

Ni baada ya mazishi ndipo tulienda kufanya sachi. Mimi na mama, basi la asubuhi kwenda Kajiado mjini, shilingi 500, foleni ndefu, na karatasi moja. Jina lililokuwa pale halikuwa la baba, wala la ile kampuni. Lilikuwa la mzee mmoja Mmaasai ambaye alipata kipande chake wakati ranchi ya pamoja ilipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambaye, ikabainika, hakuwahi kuiuzia kampuni ile ekari zote ilizouza. Walichukua alichowapa na cha pembeni wakakiongeza. Sisi tulikuwa cha pembeni.

Tulimtafuta mzee. Alikuwa ni mume wa yule yeyo wa maziwa. Kwa miaka 17 tulikuwa tumekaa kwenye shamba lake bila kujua, na yeye alijua, na hakusema, kwa sababu, kama alivyotueleza akiwa ameketi kwenye kigoda chake, alidhani baba anajua na anaona aibu. Tulilipa mara ya pili, kidogo kidogo, kwa bei aliyoipunguza. Hati ilitoka 2021 kwa jina la mama. Mzee alisema jambo moja ambalo ndilo lililonifanya nianze kusoma haya yote. Alisema baba yangu aliitunza ardhi vizuri kuliko wenye karatasi wengi anaowajua.

Nikiwaza KTN nawaza hivyo. Karatasi inasema moja, na jasho la walioilima linasema lingine, na yote mawili ni kweli. Anayekwambia chombo ni huru kwa sababu ni cha mtu binafsi hajafanya sachi. Na anayekwambia hakuna chochote chema ndani yake kwa sababu ya wenyewe hajawahi kukaa watu kumi na moja mbele ya inchi 14.

Standard Group ina makao yake siku hizi kwenye barabara ya Mombasa. Ukitoka Kitengela na mathree, ukipita Mlolongo, unaliona jengo kabla hujafika tao. Ni kampuni ya soko la hisa, wewe na mimi tunaweza kununua hisa zake, ingawa sehemu kubwa bado inahusishwa na familia ya Moi. Miaka ya karibuni imekuwa migumu, na mwaka wa 2024 ilitangaza mpango wa kupunguza mamia ya wafanyakazi. Ikiuzwa kesho, nina hakika ya kitu kimoja tu. Kwenye kona ya skrini mtaona herufi zile zile.

Juni 25, 2025 nilikuwa nyumbani. Vijana walikuwa barabarani Nairobi, na hata hapa Kitengela, kukumbuka waliouawa mwaka uliotangulia. Mamlaka ya mawasiliano ikaagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja. Vikaendelea. Mama alikuwa anatazama KTN kwenye TV bapa niliyomnunulia, na mchana skrini ikazima. Jioni Mahakama Kuu ilisimamisha agizo lile, lakini kwa saa zile tulifuata matangazo kwenye simu, YouTube, bando la shilingi 50.

Kabla sijafungua simu, mama aliniuliza kama ni stima. Nikamwambia hapana, taa inawaka. Akauliza kama ni king'amuzi. Nikasema hapana. Akatazama dirishani, pale nyuma ya nyumba, ambapo ule mti wa antena bado umesimama kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuung'oa.

"Basi nani amezima?" akauliza. "Si ulisema umefanya sachi?"